Sura Iliyokosekana

Ukitoka Mai Mahiu kuelekea Naivasha, Mlima Longonot unakukabili upande wa kushoto, kilele chake kimekatika na kubaki mdomo mpana wa volkano iliyolala. Katika eneo la mlima huo, mwaka 1970, kilifunguliwa kituo cha setilaiti kilichoiunganisha Kenya na dunia kwa simu na picha za televisheni. Mwaka uliofuata, Januari 18, 1971, mjini Nakuru alizaliwa mtoto aliyepewa jina la upande wa mamake, kule Uganda: Binyavanga. Alipotimiza miaka 43, Januari 18, 2014, Binyavanga Wainaina alitoa kurasa chache alizoziita sura iliyopotea ya kitabu chake. Hazikupita kwa mchapishaji wa vitabu wala kwenye duka la vitabu, na kabla ya wiki kwisha zilikuwa zimesomwa Nairobi, Lagos, London na New York. Humo alimwambia mamake, aliyekuwa amefariki miaka mingi, kwamba yeye ni shoga.

Kurasa hizo zina historia ndefu kuliko umri wa aliyeziandika. Kabla yake palikuwa na sheria, tasnifu, ensaiklopidia na ripoti, na karibu zote ziliandikwa na watu waliowazungumzia wapenzi wa jinsia moja bila wenyewe kuwapo. Nimezifuata kwa swali moja: nani alishika kalamu? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza, kwa maoni yangu, kwa nini maneno machache ya mtu wa Nakuru yaliitikisa nchi kuliko vitabu vinene vilivyotangulia.

Sheria ilikuja kwanza, 1897–1930

Maandishi rasmi ya kwanza kuhusu jambo hili katika nchi hii yalikuwa ya sheria. Mwaka 1897 Waingereza waliileta Kanuni ya Adhabu ya India katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Kanuni hiyo, iliyotungwa kule India na kupitishwa mwaka 1860, ilikuwa na kifungu cha 377 kilichoadhibu kile ilichokiita kuingiliana kinyume na maumbile. Mwaka 1930 koloni la Kenya likapata Kanuni yake lenyewe, na mawazo yaleyale yakahamia katika vifungu vya 162, 163 na 165. Kifungu cha 162 kinabeba kifungo cha hadi miaka 14. Cha 165, kinachohusu wanaume peke yao, miaka mitano.

Hakuna mzee wa Kimaasai, wa Kikuyu wala wa Kikalenjin aliyeombwa maoni. Mwafrika wa kwanza kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, miaka 14 baada ya kanuni hiyo kuandikwa. Tunaposikia leo vifungu hivi vikitetewa kwa jina la mila zetu, tukumbuke tarehe hizo. Vilishuka na utawala uleule ulioleta kipande na kodi ya kichwa, na ukawanyang'anya watu wa Bonde la Ufa malisho yao.

Tasnifu ya London, 1938

Kalamu ya pili ilikuwa ya Mwafrika. Katikati ya miaka ya 1930 Jomo Kenyatta alikuwa London, akisomea anthropolojia katika London School of Economics chini ya Bronislaw Malinowski. Mwaka 1938 utafiti wake ulitoka kama kitabu, Facing Mount Kenya, na ndani yake ipo picha yake mashuhuri akiwa amejitanda ngozi na kushika mkuki. Kitabu kilikuwa na kazi kubwa ya kufanya: kumwonyesha msomaji wa Ulaya kwamba Wakikuyu wana serikali yao, ardhi yao, dini yao na maadili yao, na kwamba hawakuhitaji mgeni wa kuwastaarabisha.

Katika sehemu inayohusu vijana, Kenyatta aliandika kwamba mapenzi ya jinsia moja hayajulikani miongoni mwa Wakikuyu. Maneno hayo yamesafiri mbali. Kwa miongo kadhaa yamebebwa kama ushahidi kwamba jambo hili halikuwapo Kenya, na baadaye kwamba halikuwapo Afrika nzima. Lakini ukurasa wenyewe unasema jambo la kiasi zaidi. Kenyatta alizungumzia kabila moja, na akatoa sababu yake: mila ya ngweko iliwaruhusu wavulana na wasichana kulala pamoja na kubembelezana kwa masharti waliyoyajua, kwa hiyo, kwa hoja yake, vijana hawakuwa na haja ya njia nyingine.

Ngweko yenyewe ililaaniwa na wamisheni. Hivyo wanaolishika hitimisho la Kenyatta leo, wengi wao wakiwa wafuasi wa makanisa yaliyotokana na misheni hizo, wameitupa sababu wakabaki na tamko. Kitabu kilichoandikwa kujibu dharau ya mkoloni kikageuzwa mlango wa kufungia watu nje. Simlaumu mwandishi wa 1938. Aliyekuwa akipigania heshima ya watu wake asingetegemewa kuacha upenyo ambao adui angeingilia. Waliomfuata ndio walioupa ukurasa mmoja uzito wa amri.

Watafiti na mabuku, 1938–1990

Kwa miaka arobaini hivi baada ya hapo jambo hili lilikaa katika majarida ya vyuo. Mwaka 1980 Regine Smith Oboler aliandika kuhusu Wanandi na ndoa ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humlipia mahari mwanamke mwingine ili apate mrithi. Mwaka 1987 Gill Shepherd akachapisha utafiti wake wa Mombasa kuhusu wanaume na wanawake wapendanao kwa jinsia moja, akieleza jinsi cheo, mali na ufadhili vilivyoingia katika mahusiano hayo. Kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo, na inanisikitisha zinapochanganywa. Ndoa ya Kinandi ni ndoa ya urithi: mwanamke anayeoa huchukua nafasi ya mume katika ukoo, na watoto huwa wa nyumba yake. Kitanda hakimo. Mwaka 2011, katika kesi ya Monica Jesang Katam huko Mombasa, Jaji J. B. Ojwang aliitambua ndoa ya namna hiyo kwa ajili ya urithi. Anayetaka kuitumia kuthibitisha kwamba usagaji ulikuwa mila anaivuta isikofika. Naye anayehubiri kwamba Mwafrika hajawahi kujua ndoa isipokuwa ya mume mmoja na mke mmoja hajafika Nandi.

Kisha ukaja mwaka 1990. Kampuni ya Garland ya New York ilichapisha Encyclopedia of Homosexuality, mabuku mawili yenye makala mamia kadhaa, mhariri mkuu akiwa Wayne Dynes, mwanahistoria wa sanaa. Lilikuwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kwenda kwenye rafu ya marejeleo ya maktaba, pale zinapokaa kamusi na atlasi, akakuta somo hili limepangwa kwa alfabeti kama ilivyopangwa jiolojia. Watu ambao kwa karne nyingi walikutana na habari zao katika vitabu vya sheria, vya wagonjwa wa akili na vya dhambi walipata kitabu cha kujitafutia wenyewe.

Yaliyofuata yana funzo hata kwa aliye Bonde la Ufa. Katikati ya miaka ya 1990 ilibainika kwamba baadhi ya makala zilizobeba jina la mwanamke, Evelyn Gettone, hazikuandikwa na mwanamke yeyote. Jina lilikuwa la kubuni, na kalamu ilikuwa ya mhariri mwenyewe. Mchapishaji akaiondoa ensaiklopidia sokoni. Wengine waliona adhabu imezidi kosa, kwa kuwa habari zilizomo hazikugeuka uongo kwa sababu ya jina. Mimi naona uzito wa lalamiko. Wanawake waliokuwa wameandikwa na wengine maisha yao yote waligundua kwamba hata katika kitabu cha ukombozi wamesemewa tena, safari hii kwa jina la kike.

Maonyesho ya vitabu na jukwaa la rais, 1995–1999

Afrika iliingia katika mjadala huu wazi kupitia vitabu. Mwaka 1995 Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Zimbabwe yalifanyika Harare, mada yake ikiwa haki za binadamu. Chama cha GALZ, cha mashoga na wasagaji wa Zimbabwe, kiliomba meza ya kuweka maandishi yake. Serikali ikaamuru kiondolewe, na Rais Robert Mugabe, akifungua maonyesho, akawashambulia kwa maneno makali yaliyochapishwa duniani kote. Vijitabu vichache juu ya meza vikawa suala la dola.

Kutoka Harare lugha hiyo ilipanda kaskazini. Septemba 1999 Rais Daniel arap Moi, ambaye makazi yake ya Kabarak yapo mwendo mfupi tu kutoka mjini Nakuru, alitangaza hadharani kwamba mwanamume kwenda na mwanamume au mwanamke na mwanamke ni kinyume cha mila za Kiafrika na mafundisho ya Biblia. Mwaka mmoja kabla yake, Stephen Murray na Will Roscoe, Wamarekani wawili, walikuwa wamechapisha Boy-Wives and Female Husbands, mkusanyo wa ushahidi wa kihistoria na kianthropolojia kutoka pembe nyingi za bara hili. Upande mmoja rais Mwafrika akisema jambo hili si la Kiafrika, upande wa pili wasomi wa Kimarekani wakisema lilikuwapo. Mkenya mwenyewe anayempenda wa jinsia yake alikuwa kimya, na ukimya wake ulikuwa na sababu ya miaka 14 jela.

Nakuru: pareto, saluni na kijana msomaji

Nyumba aliyolelewa Binyavanga ilikuwa ya watu wa kazi na wa heshima. Babake, Job Wainaina, aliongoza Bodi ya Pareto yenye makao Nakuru, enzi ambazo maua hayo meupe ya Molo na Kinangop yaliiweka Kenya mbele ya dunia nzima katika dawa za kuua wadudu. Mamake, Rosemary, alitoka Uganda na alikuwa na saluni ya nywele mjini. Desturi ya Kikuyu humpa mtoto wa pili wa kiume jina la babu wa upande wa mama, ndiyo maana kijana wa Nakuru akaitwa Binyavanga, na maisha yake yote akaulizwa anatoka wapi.

Alikuwa mtoto wa vitabu. Kitabu chake kinaanzia nyuma ya nyumba yao, watoto wakicheza mpira karibu na kamba ya nguo: dada na kaka wanakimbia wakijua wanachokifanya, yeye anasimama akitazama mwanga na kutafuta maneno ya kuuelezea. Alipita Mang'u na Lenana, kisha akapelekwa Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Transkei, kusomea biashara. Shahada hiyo haikumwelekea. Alijifungia chumbani akisoma riwaya, miaka ikapita, karatasi zake za ukaaji zikaharibika, na nyumbani Nakuru mamake akaanza kuugua.

Rosemary Wainaina alifariki Julai 2000. Mwanawe hakuwa kando yake. Alikuwa bado Afrika Kusini, hajamwona mamake kwa miaka mitano, akiogopa kwamba akitoka hataruhusiwa kurudi, na akiona haya kurudi mikono mitupu. Hapa ndipo sura iliyokosekana ilipoanza kuandikwa, ingawa wino ulichelewa miaka 13 na ushei.

Kwani?, 2002–2013

Mwaka 2002 Binyavanga alishinda Tuzo ya Caine kwa simulizi ya safari ya kurudi nyumbani. Mwaka uliofuata yeye na wenzake Nairobi walianzisha jarida la Kwani?, ambalo liliwapa nafasi waandishi wa Sheng, wachoraji wa katuni na washairi ambao wachapishaji wa vitabu vya shule hawakuwa na habari nao. Mwaka 2005 kejeli yake juu ya namna wageni wanavyoiandika Afrika, iliyotoka katika jarida la Granta, ilimfanya ajulikane kila chuo kikuu. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, zilizomwaga damu Nakuru na Naivasha, Kwani? ilitoa toleo lake la tano, mabuku mawili yaliyojaa ushuhuda wa watu wa kawaida. Naliona toleo hilo kama hatua muhimu katika historia hii. Lilizoeza wasomaji wa Kenya kwamba mtu asiye na cheo anaweza kusimulia yaliyompata kwa maneno yake, na simulizi hiyo ikahesabiwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Wakati huohuo wapenzi wa jinsia moja walikuwa wakijitokeza kidogo kidogo. Muungano wao, GALCK, uliundwa mwaka 2006. Januari 2007, Kongamano la Kijamii la Dunia lilipofanyika Kasarani, waliweka hema lao, na Wakenya wengi wakaona kwa macho, kwa mara ya kwanza, watu waliokuwa wakiwasikia kwenye mahubiri tu. Jawabu la upande mwingine lilikuja Februari 2010 huko Mtwapa: uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulienea, umati ukakusanyika na kuvamia kituo cha afya cha KEMRI, na watu wakapigwa. Harusi haikuwapo. Katiba mpya ya mwaka huo iliahidi utu na usawa kwa kila mtu, na katika kifungu cha 45 ikataja ndoa kuwa haki ya watu wa jinsia tofauti. Mambo hayo mawili yamekaa ndani ya katiba moja, na mabishano ya miaka iliyofuata yamezunguka hapo.

Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC, ambayo ni shirika lisilo la kiserikali, ilichapisha ripoti iitwayo The Outlawed Amongst Us. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya Kenya ambayo ningeiita ya marejeleo. Ilikusanya mahali pamoja sheria, dini, afya, kazi na polisi, na ikaonyesha kwa ushahidi kinachofanywa na vifungu vya 162 na 165 mtaani: wachache hupelekwa mahakamani, lakini wengi hutishwa, hudaiwa hongo na askari, na hufilisiwa na watu wanaotishia kuwasema. Mwaka 2013 mwanahabari Kevin Mwachiro alitoa Invisible, simulizi za watu kutoka Kenya, kwa msaada wa taasisi ya Goethe jijini Nairobi. Mwaka huohuo ukatoka Queer African Reader, mkusanyo uliohaririwa na Sokari Ekine na Hakima Abbas, ambamo Waafrika waliandika juu yao wenyewe kwa hoja, ushairi na picha.

Kalamu ilikuwa imekwisha kubadilisha mikono. Waliosoma, hata hivyo, walikuwa wachache, wa Nairobi na wa vyuo.

Januari 2014

Mambo matatu yalikutana. Kwanza sheria: Desemba 2013 Bunge la Uganda lilipitisha mswada mkali dhidi ya ushoga, na Januari 2014 Rais Goodluck Jonathan wa Nigeria akatia saini sheria ya kwao. Pili mitambo: tangu 2009 nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa, intaneti ilikuwa imeshuka bei, na kijana wa Njoro mwenye simu aliweza kusoma kilichoandikwa dakika hiyo. Tatu ni mtu mwenyewe. Kumbukumbu zake, One Day I Will Write About This Place, zilikuwa zimetoka 2011 na kusifiwa, pasipo neno juu ya siri hii. Mwaka huohuo babake alifariki. Mama hayupo, baba hayupo. Wale wawili aliowaogopea aibu hawangeweza tena kuaibishwa.

Maandishi yenyewe, yaliyotolewa na jarida la Chimurenga na jukwaa la Africa is a Country, ni mafupi. Yanaanza kwa tukio ambalo halikutokea: Julai 2000, mwana amewahi, yupo kando ya kitanda hospitalini, amemshika mamake mkono na kumnong'oneza sikioni jambo ambalo hajawahi kumwambia yeyote. Kisha anageuka na kusimulia ilivyokuwa kweli, kwamba alikuwa mbali, kwamba alichelewa. Anasema alijijua tangu umri wa miaka mitano. Hakuna takwimu, hakuna hoja ya kisheria, hakuna aya ya Biblia ya kujibu aya nyingine. Kuna mtoto na mzazi, na neno lililokawia.

Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Msomaji wa Kenya angeweza kuipinga ripoti ya KHRC kwa kusema imefadhiliwa na wazungu, na kuiweka kando ensaiklopidia ya New York kwa sababu haimjui. Mwana anayejuta kwamba hakumuaga mamake kabla hajafa ni vigumu kumkana. Kila nyumba ina mwana wa namna hiyo. Aliyetaka kumkataa Binyavanga alilazimika kwanza kumwelewa.

Siku chache baadaye alitoa mfululizo wa video sita, akizungumza mbele ya kamera juu ya mawazo yaliyofungwa: shule zinazofundisha kunakili, wahubiri wanaoona mashetani kila mahali, serikali zinazorithi woga wa mkoloni. Alikuwa na hasira na upendo kwa pamoja, na alizungumza kama mtu wa nyumbani.

Mapokezi, 2014–2015

Kenya iligawanyika. Magazeti yalimweka ukurasa wa mbele, na mitandaoni wapo waliomtukana na wapo waliomwandikia kwa siri kumshukuru. Aprili 2014 jarida la Time lilimtaja miongoni mwa watu mia moja wenye ushawishi duniani, na Chimamanda Ngozi Adichie, rafiki yake, ndiye aliyeandika sifa zake.

Bungeni hali ilikuwa nyingine. Februari, mwezi ambao Rais Yoweri Museveni alitia saini sheria ya Uganda, baadhi ya wabunge wa Kenya wakiongozwa na Irungu Kang'ata waliunda kundi la kudai sheria zilizopo zitekelezwe kwa nguvu. Machi, kiongozi wa wengi Aden Duale aliliambia Bunge kwamba kesi 595 zimechunguzwa tangu 2010, na akaufananisha ushoga na ugaidi kwa uzito. Miezi sita tu ilikuwa imepita tangu shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi. Kumfananisha mwandishi na wauaji wa Westgate kulikuwa dhuluma, na ninaliandika neno hilo nikilimaanisha.

Mwezi wa Oktoba ikawa zamu ya filamu. Kundi la wasanii la The Nest lilikuwa limezunguka sehemu mbalimbali za Kenya likirekodi simulizi za wapenzi wa jinsia moja bila kutaja majina yao. Kutokana na simulizi hizo Jim Chuchu aliongoza filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, Stories of Our Lives, iliyoonyeshwa Toronto Septemba 2014. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku, na mtayarishaji wake, George Gachara, akakamatwa kwa shtaka la kupiga filamu bila leseni. Baadaye shtaka likaondolewa. Mwaka 2015 simulizi zenyewe zikatoka kama kitabu. Nitakishikilia kitabu hicho kuwa ndicho ensaiklopidia ambayo Kenya haikuwa nayo. Hakikupangwa kwa alfabeti, wala hakuna profesa aliyekihariri. Ndani yake wanazungumza wanafunzi wa bweni, wake walioolewa, wanakwaya na wafanyakazi, kila mmoja akieleza alijijua lini, alimpenda nani, na alimwambia nani au hakumwambia mtu. Majina yamefichwa kwa sababu ya sheria, wakati sauti ni za wenyewe. Ukikilinganisha na kile kisa cha Evelyn Gettone, utaona tofauti kati ya jina la kubuni linalomsemea mtu na jina lililofichwa ili mtu aseme.

Katika mwaka huohuo wa 2015, Aprili, Mahakama Kuu ilisema tume ya kitaifa ya kutetea haki za mashoga na wasagaji, NGLHRC, ina haki ya kusajiliwa. Julai, Barack Obama akiwa Nairobi alizungumzia haki hizo mbele ya Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa mwandishi wa Facing Mount Kenya, naye akajibu kwamba kwa Wakenya hilo si suala.

Siku tatu za Mei, na baadaye

Desemba 1, 2016, Siku ya Ukimwi Duniani, Binyavanga alitangaza kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Afya yake ilikuwa imeyumba baada ya kiharusi. Alifariki Nairobi Mei 21, 2019, akiwa na miaka 48.

Siku tatu baadaye, Mei 24, majaji Roselyne Aburili, Chacha Mwita na John Mativo walisoma hukumu iliyokuwa ikisubiriwa kwa miaka mitatu. Walioleta kesi walitaka vifungu vya 162 na 165 vitupwe kwa kukiuka utu, faragha na usawa. Majaji walikataa. Walisema ushahidi wa ubaguzi haukuwaridhisha, na kwamba kuvifuta kungefungua njia ya kukiuka kifungu cha 45 cha Katiba kuhusu ndoa. Maneno yaliyotungwa Calcutta na kupelekwa Nairobi na mkoloni yakabaki kuwa sheria ya jamhuri huru. India yenyewe, ilikotoka kanuni hiyo, ilikuwa imeshafuta adhabu kwa watu wazima waliokubaliana, kwa uamuzi wa Mahakama yake ya Juu wa Septemba 2018.

Kabla na baada ya hukumu hiyo habari zimekwenda pande zote mbili. Filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, ilifungwa Aprili 2018, ikafunguliwa na mahakama kwa siku saba mwezi Septemba, na watu wakapanga foleni kuitazama. Filamu ya hali halisi I Am Samuel ilifungwa 2021. Januari 2023 mwili wa mwanamitindo na mwanaharakati Edwin Chiloba uliokotwa ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara huko Uasin Gishu, na kabla ushahidi haujasikilizwa walikuwapo mitandaoni waliomhukumu marehemu. Februari mwaka huo Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilithibitisha haki ya NGLHRC kusajiliwa. Viongozi wa dini na wanasiasa wakaandamana kwa hasira, na mbunge Peter Kaluma akaandaa mswada mkali wa kulinda familia.

Mwaka 2022 maandishi ya Binyavanga yaliyokuwa yametawanyika yalikusanywa kuwa kitabu kimoja, How to Write About Africa, na kuchapishwa Uingereza. Kumbukumbu zake nazo zinaendelea kuuzwa. Ombi langu kwa wakuu wa maktaba na walimu wa fasihi wa Nakuru na Naivasha ni kwamba vitabu hivi viwekwe kwenye rafu, kwa sababu vimeandikwa na mtoto wa Nakuru na vinaueleza mji huo kuliko vingi tulivyoletewa. Na wewe msomaji, uwe unamuunga mkono au unampinga, anza na kitabu cha 2011, umalize, ndipo usome sura ile ya 2014. Ni ya kitabu hicho. Mwenyewe alisema hivyo.